Miji kumi ikawa minne: kisa cha safari ya Ulaya ya wazee wawili wa Lindi

Baba mkubwa alinikabidhi bahasha ya kaki, kisha akakaa kimya kunisubiri nisome, kama alivyokuwa akiwasubiri wanafunzi wake wamalize mtihani. Alifundisha jiografia Lindi kwa miaka 31. Sasa ana miaka 67, mama mkubwa ana 64, na watoto wao walikuwa wamechangishana ili wazee waione Ulaya wangali na nguvu. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili kutoka kwa wakala mmoja wa safari wa hapa Dar es Salaam. Miji 10 kwa usiku 14: London 2, Paris 2, Brussels 1, Amsterdam 1, Berlin 2, Praha 1, Vienna 1, Venezia 1, Firenze 1, Roma 2.

"Niangalizie, mwanangu," akasema. "Nisije nikaenda kukimbia mchakamchaka uzeeni."

Nimewapangia ndugu na jamaa safari nyingi, na mpango wa aina hii nimekwisha kuuona mara kadhaa. Nimeamua kukieleza kisa hiki chote, kuanzia karatasi ile hadi waliporudi, kwa sababu wengi wanaosafiri na wazazi wao wanaanguka palepale: wanahesabu miji, wala hawahesabu ni mara ngapi mtu atafunga begi.

Basi tuhesabu. Miji 10 ina maana ya kuhama mara 9. Hoteli nyingi za Ulaya zinakutaka utoke saa tano asubuhi, na hoteli unayokwenda haikupi chumba kabla ya saa nane au saa tisa alasiri. Katikati hapo huna kitanda, huna choo chako, na begi liko mkononi. Ongeza kufunga mizigo, kwenda stesheni, safari yenyewe, kuitafuta hoteli mpya: ukienda vizuri, saa tano na nusu. Mara 9 zinakaribia saa 50. Ukichukulia mchana una saa 12, siku nne nzima na ushee zimekwisha katika kuhama tu, nao hao ni watu wawili ambao mmoja wao goti la kulia linavimba akipanda ngazi.

Kuhusu London nilisema moja kwa moja kwamba itoke. Uingereza haimo katika Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inataka viza yake na ada yake. Tena aliyepewa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, akitoka nje ya eneo hilo, hawezi kuitumia kurudi. Usiku mbili za London zingewagharimu viza ya pili kwa kila mmoja na faili la pili la nyaraka.

Lakini kosa lililonikera zaidi lilikuwa Berlin. Nilikuwa namjua baba mkubwa. Tangu niko mtoto anatusimulia habari za mjusi wa Tendaguru, kile kilima kilichoko kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria kwa mikono ya mamia ya watu wa kwetu, ikabebwa vichwani hadi bandarini Lindi na kusafirishwa Berlin. Nilichukua kalenda nikaipanga karatasi ya wakala siku kwa siku. Wangefika Berlin Jumapili usiku na kuondoka Jumanne alfajiri. Siku yao pekee ilikuwa Jumatatu. Na makumbusho ya Museum für Naturkunde, anakokaa mjusi huyo, hufungwa Jumatatu.

Mzee angesafiri kutoka Lindi mpaka Berlin akasimama nje ya mlango.

Nilipomwonyesha hakusema kitu. Alivua miwani akaifuta.

Nikaiweka karatasi ile pembeni, nikawauliza kila mmoja peke yake, mwenzake akiwa hayupo: ukirudi nyumbani umeona kitu kimoja tu, kiwe kipi? Napendekeza swali hili kwa yeyote anayewapangia wenzake safari, na liulizwe faraghani, maana wanandoa wa siku nyingi hujibu kwa kuoneana haya. Baba mkubwa alijibu kabla sijamaliza. Mama mkubwa alifikiri kidogo. Amefanya kazi ya uuguzi Ndanda karibu maisha yake yote, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1906 na watawa Wabenediktini kutoka abasia ya St. Ottilien, kusini mwa Ujerumani. "Nataka nikaone walikotoka wale mabruda walionifundisha kazi," akasema. "Halafu Roma, nisali."

Paris haikutajwa na yeyote. Wala Brussels, wala Vienna. Ile ilikuwa miji ya wakala.

Ukizitia nukta tatu hizo kwenye ramani, safari inajichora yenyewe: Berlin juu, St. Ottilien karibu na München (Munich) katikati, Roma chini. Mstari mmoja kutoka kaskazini kwenda kusini, hakuna kurudi nyuma. Tiketi ya ndege tulikata ya kuingilia Berlin na kutokea Roma, zote kupitia Istanbul. Watu wengi wanadhani tiketi ya namna hii ni ghali. Mara nyingi bei yake haipishani sana na ya kwenda na kurudi mji uleule, na inakuokoa siku nzima ya kurudi ulikoanzia.

Tatizo lilibaki moja, nalo ni umbali wa München hadi Roma. Kuna treni ya usiku inayoziunganisha, na ningekuwa nawapangia vijana ningewapa hiyo. Kwa goti lile, kupanda kitanda cha treni usiku sikutaka hata kulijaribu. Nikatafuta mji wa kupumzikia njiani nikaupata Verona: treni ya moja kwa moja kutoka München inatumia saa tano na dakika kadhaa, na kutoka Verona hadi Roma kwa treni ya kasi ni kama saa tatu. Basi tukawa na miji minne: Berlin usiku 5, München 4, Verona 3, Roma 5. Jumla usiku 17, kuhama mara 3.

Hapa baba mkubwa alinibana. Usiku 17 kwa miji minne aliona kama uvivu. "Pesa za watoto hizi," alisema, "zisitumike kulala." Nilimjibu kwa hesabu ya jiografia yake mwenyewe: nauli kubwa ni ile ya kuvuka bahari, na hiyo imekwisha kulipwa. Kila mji unaoongeza unaongeza tiketi ya treni, teksi mbili, na usiku mmoja wa kwanza ambao kila kitu unakinunua ghali kwa sababu hujajua duka liko wapi. Alinyamaza, nikaona bado hajakubali kwa moyo wote.

Tarehe zilitupa shida kuliko miji. München ina Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia, ambayo mwaka 2025 ilianza tarehe 20 Septemba, na bei za vyumba siku hizo hupaa. Roma nayo ilikuwa katika Mwaka Mtakatifu wa 2025, mahujaji kutoka dunia nzima. Kwenda Juni au Julai ni joto kali, hasa Italia, na kila mahali pamejaa. Tukachagua kuanza Jumatatu tarehe 1 Septemba na kuondoka Roma Alhamisi tarehe 18. München wangekuwa wameshaiacha siku kumi kabla ya sherehe, na Roma wangekuwepo Jumatano tarehe 17, maana Jumatano ndiyo siku ya Baba Mtakatifu kukutana na waumini. Hoteli ya Roma niliilipia mwezi Februari. Nyingine zilisubiri hadi Aprili.

Sasa viza, ambako ndiko safari nyingi za kwetu zinakwama. Maombi ya Schengen yanapelekwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ya nchi utakayoingilia kwanza. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na usiku 8 Ujerumani na 8 Italia. Kwa kanuni bado ingekwenda Ujerumani, ila sikutaka faili la kubishaniwa dirishani. Niliongeza usiku mmoja Berlin ambao hata hivyo niliutaka kwa mapumziko, ikawa 9 kwa 8, jambo likaisha.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Nimeona watu wakinunua bima inayoanza siku moja baada ya ndege kutua. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasicheleweshwe kupita siku 15 kabla. Tulipeleka mwezi Mei. Faili la baba mkubwa lilikuwa na hati ya pensheni, taarifa za benki, barua ya watoto wanaogharamia, hati ya nyumba ya Lindi, na hoteli nne zilizofuatana bila usiku hata mmoja kuachwa wazi. Hili la mwisho ni faida ya mwendo wa polepole ambayo haisemwi. Miji 10 inahitaji vithibitisho 10 vya malazi vinavyopokezana sawasawa, na tarehe moja ikipishana una kazi ya kueleza. Miji minne inasomeka kwa dakika moja. Tena mzee akiulizwa "kwa nini Ujerumani?" jibu lake lilikuwa la kweli na alikuwa nalo moyoni tangu ujana.

Viza zilitoka.

Mizigo niliisimamia mwenyewe. Begi moja la magurudumu kila mmoja, lisizidi kilo 12, kwa kuwa treni za kule zina ngazi mlangoni na hakuna mpagazi. Mama mkubwa alikuwa ameweka vitenge sita vya zawadi, tukaacha viwili. Dawa za presha zilikaa kwenye mkoba wa mkononi, za siku 25, pamoja na barua ya daktari.

Nitaeleza Berlin kwa kirefu, kwa sababu pale ndipo mpango ulipopimwa.

Walitua Jumatatu mchana. Jumanne niliandika neno moja tu kwenye karatasi yao: "Hakuna." Baba mkubwa alinipigia asubuhi ile akilalamika kwamba makumbusho yako wazi na wao wamekaa. Nikamwomba wasiende. Wakatoka kutafuta mkate, wakapata duka la mwokaji pembeni, wakala kwenye benchi, wakarudi kulala hadi saa kumi jioni. Jumatano saa nne asubuhi walikuwa mlangoni, wamepumzika.

Ukumbi ule una mifupa iliyosimamishwa kufikia mita 13.27 kwenda juu. Wataalamu leo wanamwita Giraffatitan. Alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, akasimamishwa upya mwaka 2007, na mifupa yake imetoka kwa wanyama zaidi ya mmoja. Baba mkubwa aliniambia kwamba hakumtazama kichwa. Alianza miguuni. Alisimama mbele ya mfupa wa mguu wa mbele, mrefu kuliko yeye, akawa anajiuliza watu wangapi waliubeba, na kama uliletwa mzima au vipande. Kisha akatafuta neno "Tendaguru" kwenye maandishi mpaka akaliona, akalisoma kwa sauti. Mtoto wa Kijerumani aliyekuwa karibu akalirudia baada yake.

Walikaa pale saa mbili. Na kesho yake akarudi.

Hilo la kurudi sikulipanga, ila ndilo nililokuwa nalitafuta. Alhamisi alikwenda peke yake, akalipa kiingilio mara ya pili, akapata habari za Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji kutoka kwetu, ambaye jina lake hakuwahi kulisoma katika kitabu chochote alichofundishia. Alilinakili kwenye daftari. Tanzania imekuwa ikijadili kama mifupa ile irudishwe, na mimi nina msimamo wangu, lakini hapa naandika habari za mpango wa safari. Ninachosema ni kwamba mtu aliyesubiri jambo miaka 40 anahitaji siku mbili nalo. Siku ya kwanza analiona, ya pili analielewa.

Ijumaa walichukua treni ya chini ya ardhi ya U6, ambayo ina kituo karibu na makumbusho, wakaenda nayo kaskazini mpaka mtaa wa Wedding. Huko kuna barabara iliyokuwa ikiitwa Petersallee, jina lililotokana na mkoloni Carl Peters. Mwezi Agosti 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu moja ya barabara sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Picha waliyonitumia ninayo: mama mkubwa ameshika mwamvuli, baba mkubwa amesimama wima chini ya kibao, mikono mgongoni. Kwenye mpango wa wakala Berlin ilikuwa na "ziara ya basi ya saa mbili".

Berlin hadi München ni kama saa nne kwa treni ya kasi. Nilikuwa nimewalipia viti, kwa sababu Ujerumani tiketi haikuhakikishii kiti mpaka uongeze pesa kidogo, na Jumamosi watu husimama. Niliwasisitizia wanunue chakula Jumamosi hiyohiyo, maana Jumapili maduka ya Ujerumani yanafungwa, labda yale ya stesheni kubwa. Kwa Mwafrika Mashariki aliyezoea genge la jirani hadi saa nne usiku, hili halikai akilini mpaka limkute.

Jumapili walikwenda St. Ottilien kwa misa. Mama mkubwa hajanisimulia mengi. Najua kwamba baada ya misa alimsalimia mtawa mmoja mzee kwa Kiingereza cha shida, akamtajia Ndanda, na yule mzee akamjibu kwa Kiswahili. Walikaa kwenye ua wakiulizana habari za watu, wengi wao marehemu. Baba mkubwa akawaacha akaenda kutazama makumbusho ya misheni. Treni waliyopanga kurudi nayo ikawapita, wakachukua inayofuata, na tiketi yao ya Bayern-Ticket ni ya siku nzima, kwa hiyo haikuwagharimu kitu.

Jumatano ya kwenda Verona treni ilichelewa dakika 70. Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Mpango wa kawaida ungekuwa München asubuhi, kubadili treni Verona, Roma jioni. Kwa kuchelewa huko wangeikosa treni ya pili, na tiketi za bei nafuu zimefungwa kwenye treni moja tu. Sisi hatukuwa na treni ya pili siku hiyo. Kuchelewa kukawa ni kukaa dirishani dakika 70 zaidi, na dirisha lenyewe lilikuwa la kuvuka milima ya Alpi kupitia Brenner, mita 1,370 juu ya usawa wa bahari. Chini ya mlima huo linachimbwa handaki la kilomita 55. Nafurahi wamepita kabla halijakamilika.

Verona ndiko niliko na la kujilaumu. Nilikuwa nimewaandikia safari ya siku moja kwenda Venezia, kwa vile ni saa moja na dakika chache kwa treni. Sikufikiria kwamba Verona yenyewe imetandikwa mawe ya kale, na jioni ya kwanza tu goti lilikuwa limevimba. Wakaingia duka la dawa lenye msalaba wa kijani, mama mkubwa akajitibu mwenyewe kiuuguzi, Venezia ikafutwa. Badala yake walikwenda Peschiera, robo saa kwa treni, wakakaa kando ya ziwa Garda kutwa nzima. Alisema maji yale yamemkumbusha Lindi bila chumvi. Mpango ulistahimili kwa sababu siku hiyo haikuwa imelipiwa kitu. Ningekuwa nimekata tiketi za mapema za Venezia, angekwenda kwa kuionea huruma pesa.

Roma pia kulikuwa na dosari, nayo ni yangu. Hoteli iliandika ina lifti, na kweli ilikuwa nayo, ila lifti ilianzia ghorofa ya kwanza, na kabla yake ngazi 14. Sasa swali ninaloliuliza kila hoteli kwa maandishi ni: kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlango wa lifti? Kulikuwa pia na kodi ya jiji, euro 6 kwa mtu kwa usiku katika hoteli ya nyota 3, inayolipwa palepale. Wawili kwa usiku 5 ni euro 60, na hiyo nilikuwa nimewatengea kwenye bahasha peke yake.

Jumatano walifika uwanja wa Mtakatifu Petro saa moja na nusu asubuhi, wakapata viti. Jua lilikuwa kali, kofia walikuwa nazo. Mama mkubwa alibeba rozari za wauguzi wenzake wote wa Ndanda waliostaafu, kwenye mfuko wa dawa.

Ningeupanga upya leo, ningebadili jambo moja kubwa. Verona ningeipa usiku 2, München 5. Mama mkubwa alitamani kurudi St. Ottilien siku ya kazi, bila umati wa misa, amalize mazungumzo na yule mtawa, siku ikakosekana. Mumewe nilimpa nafasi ya kurudi kwa mjusi wake, na yeye nikamnyima ya kurudi kwa watu wake. Nimemwomba radhi.

Mwezi uliopita amenipigia kuniuliza kama Paris peke yake inatosha kwa siku kumi. Nimemwambia inatosha. Ila kama ni Septemba tena, anipe pasipoti mwezi Machi.